Mimba Iliyoharibika na Mkono wa Sheria: Nini Humlinda Mgonjwa na Mhudumu

Wakati wa masika katika vijiji vya Choma, Wilaya ya Igunga, udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope zito, na mgonjwa anayefika kituoni usiku wa manane huwa amebebwa kwa pikipiki au kwa baiskeli baada ya saa nyingi za kusitasita nyumbani. Wahudumu wa afya wa mkoa wa Tabora wanaifahamu vema sura ya tukio hili. Binti wa miaka kumi na sita au kumi na saba, kanga imelowa damu, mwili una joto, naye hasemi neno. Mama yake ndiye anayesema. "Nesi, mwanangu, huyu aliteleza kisimani." Muuguzi anapima mapigo ya moyo, anatazama weupe wa viganja, anauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama anajibu tena kwa niaba ya mtoto, safari hii kwa sauti ya chini: "Naomba usiandike jina lake. Tukijulikana tutafungwa."

Katika chumba hicho kuna hatari mbili. Ya kwanza ni damu inayotoka, na hiyo ina dawa. Ya pili ni hofu ya sheria, ambayo humfanya mgonjwa achelewe kuja, humfanya adanganye akishafika, na mara nyingine humfanya mhudumu aondoe mkono wake pale unapohitajika zaidi. Hofu hiyo ina sababu zake, kwani sheria ya Tanzania juu ya kutoa mimba ni kali. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayosemwa vijijini, na hata ndani ya vituo vya afya, hayamo katika sheria yenyewe. Inafaa kuisoma kama ilivyo, kisha kuwatazama wale wanaoitekeleza.

Kilichoandikwa katika Kanuni ya Adhabu

Kwa hesabu ya vifungu vya Toleo la mwaka 2019, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inashughulikia jambo hili katika vifungu vya 150, 151 na 152. Kifungu cha 150 kinamhusu mtu yeyote anayempa mwanamke kitu, au kumfanyia tendo, kwa nia ya kuitoa mimba yake isivyo halali; adhabu yake inafika kifungo cha miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, na adhabu inafika miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo isivyo halali, na adhabu inafika miaka 3. Kifungu cha 219 kinahusu kuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai kabla hajatoka tumboni, na hapo adhabu inaweza kuwa kifungo cha maisha. Wiki 28 za mimba huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto angeweza kuzaliwa hai. Hata hivyo kifungu hicho hicho kinamwondolea hatia aliyetenda kwa nia njema ili tu kuokoa maisha ya mama.

Neno la kuangaliwa ni "isivyo halali". Mtunga sheria asingelihitaji neno hilo kama kila kutoa mimba kungekuwa kosa. Jibu lake limo katika kifungu cha 230, ambacho wahudumu wengi hawakukisoma hata mara moja: mtu hana hatia ya jinai kwa kufanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa, au juu ya mtoto aliye tumboni kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama, iwapo upasuaji huo ni wa busara kwa kuangalia hali ya mgonjwa wakati ule na mazingira yote ya jambo. Kifungu hakitaji idadi ya saini za madaktari wala hakidai amri ya mahakama. Kinadai nia njema, ujuzi na sababu ya kitabibu.

Maneno haya yana umri mkubwa. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu, nayo yaliletwa Tanganyika na utawala wa kikoloni kama zilivyoletwa sheria nyingine nyingi. Zamani bidhaa za pwani zilipita Tabora kwa vichwa vya wapagazi hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Sheria hizi nazo zilisafiri, ila hazikuwahi kufunguliwa mizigo na kukaguliwa njiani. Uingereza yenyewe iliibadili sheria yake mwaka 1967.

Kabla ya hapo, mwaka 1938, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyekuwa amebakwa na askari, kisha akawapa polisi taarifa mwenyewe ili sheria ijaribiwe. Aliyeongoza mashtaka alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Sir Donald Somervell. Jaji Macnaghten aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba hakuna mstari mnyoofu unaotenganisha maisha ya mama na afya yake, kwa kuwa maisha huitegemea afya. Daktari anayeamini kwa sababu za msingi kwamba kuendelea kwa mimba kutamvunja mwanamke mwili au akili anaweza kuhesabiwa kuwa anaokoa maisha yake. Bourne aliachiwa huru.

Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na mamlaka juu ya Tanganyika pia, iliufuata mtazamo huo katika shauri la Mehar Singh Bansel, daktari wa Kenya. Ni vema kusema wazi kwamba Bansel hakuachiwa. Mgonjwa wake alikufa, naye hakuweza kuonyesha sababu ya kitabibu iliyo ya kweli. Kwa hiyo shauri lile linafunza mambo mawili kwa pamoja: sababu njema ya kitabibu humlinda daktari, na pasipo sababu hiyo shahada ya udaktari si ngao.

Ofisi tatu, na mwenendo wake

Mashtaka ya jinai nchini Tanzania hayafunguliwi na kila mwenye hasira. Wananchi wengi huchanganya ofisi tatu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliyewekwa na Ibara ya 59 ya Katiba, ni mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Miswada na mikataba hupita mikononi mwake. Mkurugenzi wa Mashtaka, aliyewekwa na Ibara ya 59B, ndiye mwenye mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamisha mashtaka ya jinai. Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ilianzishwa mwaka 2018, huisimamia Serikali katika mashauri ya madai na ya kikatiba.

Kwa mhudumu wa Choma, ofisi ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi. Ibara ya 59B inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, anapotumia mamlaka yake, azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Maneno hayo matatu ni mlango. Ofisi inaweza kuamua kwamba kumfikisha mahakamani binti aliyetoka kufa hakuna maslahi kwa umma, au kwamba tabibu aliyesafisha kizazi chenye usaha hakutenda kosa lolote. Inaweza pia kuamua kinyume. Tatizo ni kwamba mhudumu hana waraka mkononi unaomweleza mapema ofisi itaamua nini, naye anayefanya kazi bila kujua hujilinda kwa kutokufanya.

Jinsi ofisi za namna hii zinavyoweza kubeba au kuangusha huduma inaonekana vizuri kwa jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 26(4), inakataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Mwaka 2012 wizara husika ilitoa miongozo ya kuwaeleza wahudumu namna ya kulitekeleza jambo hilo. Desemba 2013 miongozo ikaondolewa kwa barua ya Mkurugenzi wa Huduma za Tiba, na mapema mwaka 2014 wahudumu wakakatazwa hata kuhudhuria mafunzo.

Katika pengo hilo aliangukia msichana wa shule anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi JMM. Alibakwa, akapata mimba, akatolewa mimba na asiye na ujuzi, akahamishwa hospitali baada ya hospitali, figo zake zikashindwa kufanya kazi. Alifariki mwaka 2018, shauri likiwa bado mahakamani. Mjibu maombi wa kwanza alikuwa Mwanasheria Mkuu. Ofisi hiyo ilipita mikononi mwa Githu Muigai na kisha Paul Kihara Kariuki wakati shauri likiendelea, na msimamo wa upande wa Serikali ulibaki kuitetea hatua ya kuondoa miongozo. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa huko kulikiuka Katiba, wakairejesha miongozo na kuamuru familia ya marehemu ilipwe shilingi milioni 3 za Kenya. Fedha hizo zilimfikia mama aliyekwisha kumzika mwanawe.

Shauri la pili linawagusa zaidi wahudumu wa vituo vidogo. Mwaka 2019, katika Kaunti ya Kilifi, msichana wa miaka 16 aliyejulikana mahakamani kama PAK alifika zahanati akiwa na maumivu makali na kutokwa damu. Tabibu alimchunguza, akakuta mimba imekwisha kuharibika, akamtibu. Polisi wakaingia zahanati, wakachukua kumbukumbu za tiba, wakawakamata wote wawili, mgonjwa na mtibu. Msichana alipelekwa kuchunguzwa upya bila hiari yake na kuwekwa mahabusu ya watoto kwa zaidi ya mwezi. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu mjini Malindi alisema kuwakamata na kuwashtaki wagonjwa na wahudumu kiholela ni kinyume cha Katiba, na kwamba mazungumzo kati ya mgonjwa na mtibu wake ni siri inayolindwa. Mashtaka yakafutwa. Lakini baadaye Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, ikisema Katiba ya Kenya haikuweka haki ya msingi ya kutoa mimba, bali ilikataza jambo hilo na kuacha nafasi chache zilizotajwa. Msomaji ataona kwamba ulinzi uliojengwa juu ya hukumu moja huweza kubomolewa na hukumu nyingine, na tabibu akabaki palepale na mgonjwa wake.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa ile njia ya kale ya misafara, njia nyingine ilichukuliwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichapisha Itifaki ya Maputo katika gazeti lake la Serikali mwaka 2018, na mwaka huohuo baraza kuu linalosimamia majaji na waendesha mashtaka likatoa waraka kwa mahakama na ofisi za mashtaka kuwaelekeza waitumie. Itifaki hiyo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003, inazitaka nchi wanachama kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au maisha ya mama au ya kichanga kilicho tumboni. Waraka wa kurasa chache ulifanya kazi ambayo kwingine imechukua miaka ya mashauri. Ndiyo sababu mwenendo wa ofisi za sheria si jambo la wanasheria peke yao.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Hata hivyo, katika mfumo wa sheria wa nchi hii, mkataba ulioridhiwa haugeuki kuwa sheria ya kutumiwa mahakamani hadi Bunge liuingize katika sheria za nchi, na Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa ili ioane nao. Katika mambo ya mabinti, mwenendo wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu unasomeka waziwazi katika shauri la umri wa ndoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kuagiza sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila marekebisho. Binti anayeolewa akiwa na miaka 15, na binti anayeficha mimba kwa kuogopa kuozeshwa, wote hufika katika chumba kilekile cha kituo cha afya.

Mhudumu anajua nini hasa?

Hapa sheria inakutana na tiba. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mtu anayejua kutendeka kwa kosa chini ya Kanuni ya Adhabu atoe taarifa. Wahudumu wengi hukihofia, na wengine hudhani kinawalazimu kuita polisi kila wanapoona damu na kizazi kilicho wazi. Lakini kifungu kinasema juu ya anayejua. Je, mhudumu anajua?

Katika kila mimba 10 zinazotambuliwa, moja au mbili huharibika zenyewe, nyingi kabla ya wiki ya 12, na mara nyingi sababu ni kasoro ya chembe za urithi ambayo hakuna aliyeileta. Malaria, shinikizo la damu, kisukari kisichodhibitiwa na kaswende navyo vina sehemu yao. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika kwa njia hizo hufika na damu, maumivu ya tumbo na mlango wa kizazi uliofunguka. Mwanamke aliyetumia vidonge vya misoprostoli hufika na damu, maumivu ya tumbo na mlango wa kizazi uliofunguka. Uchunguzi wa kawaida wa kituoni, hata ukifanywa na daktari bingwa, hauwezi kuwatofautisha wawili hao. Pale kilipoingizwa kijiti, mzizi au waya dalili za jeraha huweza kuonekana. Lakini hata jeraha halimtaji aliyelifanya.

Muhimu zaidi, tiba haibadiliki kwa kujua. Kizazi chenye mabaki chini ya ukubwa wa wiki 14 husafishwa kwa kifaa cha kunyonya kwa mkono, kile ambacho wahudumu hukiita MVA, au kwa misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza au 400 chini ya ulimi. Kukwangua kwa chuma ni njia ya zamani yenye hatari ya kutoboa kizazi, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike tena. Penye joto, usaha au harufu mbaya, viuavijasumu vya mshipa na maji huanza mara moja, kabla ya rufaa na si baada yake, kisha mabaki yatolewe mapema, kwa sababu dawa peke yake haiwezi kushinda uchafu uliobaki ndani. Penye jeraha, chanjo ya pepopunda isisahauliwe. Maswali ya lazima ni yale yanayoongoza tiba: mimba ilikuwa na muda gani, damu ilianza lini, kitu gani kiliingizwa au kumezwa. Swali la mwisho huulizwa ili kujua kama kizazi au utumbo umetobolewa, au kama figo na ini vimeguswa na sumu. Likiulizwa kwa sauti ya askari, jibu litakuwa lile la kisimani.

Huduma hii, inayoitwa huduma baada ya mimba kuharibika, ni halali nchini kote. Wizara ya Afya imetoa miongozo yake na imewafunza matabibu na wauguzi wakunga kuitoa. Kumtibu anayetokwa damu hakumfanyi mhudumu kuwa mshiriki wa kilichotokea kabla, hata pale anapohisi kilichotokea. Ukubwa wa haja ulionekana katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013, uliokadiria mimba 405,000 zilizotolewa nchini katika mwaka huo mmoja, huku wanawake takriban 66,600 wakipata matibabu ya madhara katika vituo vya huduma. Wengi wa waliobaki hawakudhurika. Wako pia waliodhurika na hawakuja.

Binti aliyebakwa, na askari mlangoni

Binti aliye chini ya miaka 18 mwenye mimba ni jambo jingine kabla hata mimba haijaharibika. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujamiiana na msichana wa umri huo kuwa ubakaji hata akiwa ameridhia, isipokuwa kwa mume wa mke mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hawajatengana. Hapo mhudumu ana mhanga mbele yake, na taarifa inayopasa kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au Afisa Ustawi wa Jamii ni taarifa ya ubakaji. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto haina malipo. Inasikitisha kuona mara ngapi mpangilio hupinduliwa, binti akahojiwa juu ya mimba ilikokwenda, na mwanamume aliyeileta asitajwe katika karatasi yoyote.

Kanuni ya Adhabu haikutaja ubakaji kama sababu inayojitegemea ya kutoa mimba kihalali. Hoja iliyopo ni ya kifungu cha 230 na maelezo ya mahakama juu ya afya ya mwili na akili, nayo ni hoja ya daktari aliyechunguza na kuandika, pamoja na ushauri wa wenzake katika hospitali yenye uwezo. Kwa walio Igunga, maana yake ni rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Nkinga, au Kitete mjini Tabora. Njia bora ni kumfikia mhanga mapema: dawa za kuzuia mimba za dharura hufanya kazi ndani ya siku 5, na dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, mapema ikiwa bora kuliko baadaye. Fomu ya polisi, PF3, ni karatasi ya ushahidi. Haikuwahi kuwa kibali cha kutibiwa, na anayemrudisha mgonjwa kituo cha polisi kwanza huku saa zinakwenda humdhuru.

Je, askari wakija kituoni? Mgonjwa aliye katika hatari hahojiwi hadi mtibu wake aseme hali inaruhusu. Mganga mfawidhi aitwe, naye awasiliane na Mganga Mkuu wa Wilaya na Kitengo cha Sheria cha Halmashauri. Majina na namba za askari ziandikwe, na hati ya upekuzi iulizwe kwa adabu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Faili la mgonjwa halitolewi kwa sababu tu mtu amevaa sare. Hutolewa kwa amri iliyo halali, nakala ibaki, na kila kilichochukuliwa kiorodheshwe. Mhudumu asipigane na askari wala asifiche mtu. Asimame na maandishi.

Maandishi hayo ndiyo ulinzi mkubwa alio nao. Jina la kweli la mgonjwa liandikwe, kinyume cha ombi la mama, kwa kuwa mgonjwa asiye na jina hawezi kupewa rufaa salama wala damu. Yaandikwe yaliyoonekana: shinikizo la damu, joto, ukubwa wa kizazi, hali ya mlango wake, kiasi cha damu, saa ya kila tendo, na ridhaa iliyotolewa. Lugha iwe ya kitabibu, "mimba kuharibika bila kukamilika" au "mimba kuharibika yenye maambukizi". Yasiandikwe yaliyodhaniwa. Maneno "anashukiwa kutoa mimba" hayana kazi katika tiba, nayo mahakamani huonekana kama ushahidi ilhali ni uvumi uliopigwa muhuri.

Kwa mgonjwa na familia yake, ishara za kuondoka nyumbani usiku huohuo ni hizi: pedi au vitambaa viwili vinavyolowa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa, majimaji yenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yanayozidi, kizunguzungu au kuzirai. Maumivu ya bega pamoja na ya tumbo huweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huua kwa damu isiyoonekana. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama hupatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Akifika, amwambie mhudumu ukweli wa alichomeza au alichowekewa. Ukweli huo ndio utakaomwonyesha mhudumu mahali pa kuanzia.

Kabla binti hajaruhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi ana jambo moja zaidi la kumweleza faraghani, mama akiwa nje. Uwezo wa kushika mimba hurudi mapema baada ya mimba kuharibika, pengine ndani ya wiki mbili, kabla hata ya hedhi ya kwanza. Njia nyingi za uzazi wa mpango zinaweza kuanzwa siku hiyohiyo, kijiti na sindano zikiwamo. Kitanzi nacho kinaweza kuwekwa mara baada ya kizazi kusafishwa, mradi hakuna maambukizi.